Baiskeli za bure za mtaa kupitia maduka: mitindo minne ya kuazimisha, na upi unafaa wapi

Kupata baiskeli ni kazi ndogo. Habari zikishaenea kwamba kuna watu wanaanzisha mpango wa kuazimisha baiskeli bure mtaani, zinajitokeza zenyewe: ya mtoto aliyekua akaipita kimo, ya mtu aliyehama, ile iliyolala stoo na tairi bapa hadi mwenyewe akasahau rangi yake. Wenye maduka nao hawasumbui sana, maana baiskeli iliyosimama mlangoni huvuta macho, na anayekuja kuichukua huenda akanunua kitu. Vikundi hukwama mahali pengine. Funguo zikae kwa nani? Anayechukua aandikwe wapi? Isiporudi, nani wa kupiga simu?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayotenganisha mitindo minne ninayoilinganisha hapa: kaunta na daftari, kufuli la namba, kuweka nafasi mtandaoni huku baiskeli ikihama duka hadi duka, na mkopo wa miezi. Yote minne haimtozi mwazimaji kitu, na yote inategemea hisani ya wenye maduka. Kinachotofautiana ni kiasi cha hisani kinachodaiwa.

## Mtindo ambao sikuuingiza

Kila kikundi kina mtu wa kuuliza kwa nini baiskeli zisiachwe tu wazi, anayetaka achukue, akifika aiache. Wazo hilo lina historia ndefu na ya kupendeza kuisoma. Mwaka 1965 vijana wa Provo, kundi la wanaharakati huko Amsterdam, walipaka baiskeli rangi nyeupe wakaziacha barabarani bila kufuli. Polisi wakazikusanya, kwa kuwa sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kuifunga. Provo nao wakajibu kwa kuzitia kufuli za namba, kisha wakaandika namba hiyo juu ya baiskeli yenyewe. Kama dhihaka, safi kabisa. Kama njia ya kusafirisha watu, haikwenda mbali.

Cambridge ya Uingereza ilijaribu mwaka 1993 kwa baiskeli zipatazo 300 za kijani, na karibu zote ziliibwa. Portland, Marekani, ilikuwa na za njano mwaka 1994, nazo zikayeyuka. Copenhagen ilijipanga vizuri zaidi mwaka 1995: baiskeli 1,000, kila moja ikifunguliwa kwa sarafu ya kroner 20 unayorudishiwa ukiirejesha, na vipuri vyake vilitengenezwa visiingie kwenye baiskeli nyingine ili mwizi asipate la kufanya navyo. Hata hivyo wizi na uharibifu viliendelea, kwa sababu sarafu haina jina. Mpango huo ulidumu hadi 2012. Chuo Kikuu cha Portsmouth ndicho kilichokuja na jibu mwaka 1996, kadi yenye utambulisho wa mtumiaji, na tangu hapo karibu kila mpango mkubwa duniani umefuata njia hiyo: jina kwanza, baiskeli baadaye.

Mali bila daftari hupotea bila habari; wenye maduka wanaujua msemo huo kuliko wanaharakati. Na wala teknolojia peke yake haiokoi. Mobike, kampuni ya kukodisha baiskeli yenye fedha nyingi na kufuli za kielektroniki, ilijiondoa Manchester mwaka 2018 ikilalamikia wizi na uharibifu. Kikundi cha mtaa kisichokuwa na fedha hizo kina silaha moja ambayo Mobike haikuwa nayo: mwenye duka anawajua watu kwa sura.

## Vigezo vya kupimia

Dakika za mwenye duka. Nimekitanguliza makusudi. Mwenye duka anapokubali, huwa anaiona baiskeli. Haoni maswali ya kila saa, funguo zilizopotea, na mtu anayekuja dakika tano kabla ya kufunga. Akichoka hatakuambia kwamba amechoka. Ataanza kuwaambia watu baiskeli imeharibika.

Iko kwa nani? Ukiuliza sasa hivi, kuna mtu anayeweza kujibu bila kupekua?

Uhuru wa mwazimaji. Anaweza kuichukua saa ngapi, kwa muda gani, na ni lazima airudishe pale pale?

Ufundi. Nani anagundua kwamba breki imelegea, na nani anaikaza?

Cha kuanzia. Vifaa na watu unaohitaji kabla baiskeli ya kwanza haijatoka.

## 1. Kaunta na daftari

Mtu anaingia dukani, anaomba baiskeli, anaandikwa, anapewa ufunguo. Akirudi anarudisha ufunguo, anafutwa. Ndiyo njia ambayo kila mtu anaielewa bila kuelezwa. Si ya vikundi vidogo tu: Buenos Aires ilipoanzisha baiskeli zake za bure mwaka 2010 ilianza na vituo vyenye wahudumu, watu kwa watu, mashine zikaja baadaye.

Kwa upande wa dakika za mwenye duka, huu ndio mtindo ghali kuliko yote. Kila safari inamgusa mara mbili. Fikiria jioni, foleni ya wanunuzi wanne, mtu anaingia kwa haraka, anaweka ufunguo juu ya kaunta, anasema "nimerudisha" na kutoka. Mwenye duka yuko na chenji mkononi. Ufunguo unasukumwa pembeni, unafunikwa na karatasi ya stakabadhi, na kesho asubuhi daftari linasema baiskeli namba nne bado iko nje. Hakuna aliyekosa hapo; mpango wenyewe ndio uliomtaka mtu mmoja afanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Dawa yake ni ndogo: ubao wenye misumari ukutani upande wa mteja, kila msumari na namba yake, mrudishaji atundike mwenyewe na kuandika saa. Mwenye duka akitupa jicho tu anaona misumari mitupu.

Kwa swali la iko kwa nani, mtindo huu unashinda kwa mbali. Kuna jina, simu, saa, na kuna mtu aliyemwona. Daftari lenyewe lisizidi safu sita: namba ya baiskeli, jina, simu, saa ya kutoka, saa ya kurudi, hali. Safu ya hali itabaki tupu, usijidanganye. Watu hawaandiki "breki ya nyuma inakwaruza". Afadhali kila ufunguo uwe na kibao chenye upande mwekundu. Kuna kasoro? Geuza kibao. Chenye wekundu hakitoki hadi fundi apite.

Jambo moja la kuepuka ni kushika vitambulisho vya watu kama rehani. Ni jukumu zito kwa duka, na kwingine ni kinyume cha sheria. Ujerumani, kwa mfano, hairuhusu kumdai mtu aache kitambulisho chake cha taifa. Kiangalie, linganisha jina, mrudishie.

Uhuru wa mwazimaji ni mdogo. Duka likifungwa, baiskeli zimefungwa. Anayeanza kazi alfajiri au anayetoka usiku hana chake hapa. Na baiskeli irudi pale pale, la sivyo madaftari mawili yatagombana.

Ufundi ni rahisi kuupanga kwa sababu baiskeli zinalala mahali pamoja, na fundi anajua pa kuzikuta. Cha kuanzia ni kidogo kuliko mitindo yote: daftari, kalamu, misumari, kufuli za kawaida. Unaweza kuanza wiki hii.

*Unamfaa nani:* duka lenye mtu wa ziada, au lile ambalo wateja huingia mmoja mmoja na muuzaji hana neno kuzungumza. Duka lenye foleni tangu asubuhi usilipeleke huku hata kama mwenyewe anasisitiza.

## 2. Kufuli la namba nje ya duka

Hapa mwazimaji anasajiliwa mara moja tu dukani: anajaza fomu, anaonyesha kitambulisho, anakubali masharti. Kuanzia hapo hahitaji kumwona mtu. Baiskeli zinasimama nje, zimefungwa kwa kufuli la namba. Aliyesajiliwa ana namba, anafungua, anakwenda.

Mwenye duka anapumua. Kazi yake imebaki kusajili wageni, na wengi watakuja siku za mwanzo kisha idadi itapungua. Ndiyo sababu maduka yenye shughuli nyingi huupenda mtindo huu.

Lakini angalia kilichotokea kwenye kigezo cha pili. Watu wote waliosajiliwa wana namba ile ile, kwa hiyo baiskeli isipoonekana, kila mmoja anaweza kuwa nayo na hakuna mwenye nayo. Umerudi nusu ya njia kwenda Amsterdam. Zipo namna mbili za kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni kumtaka mwazimaji atume ujumbe wenye namba ya baiskeli kwenye simu ya kikundi kabla hajafungua. Waaminifu watatuma; wale ambao si waaminifu ndio hasa uliotaka kuwajua. Ya pili ni kutotoa namba hadi ujumbe ufike: kila baiskeli na namba yake, anayeitaka anaomba, anajibiwa. Call a Bike, mpango wa baiskeli za kukodi wa Ujerumani, ulianza kwa mfumo wa namna hiyo, mtu anapiga simu anapewa namba ya kufungulia. Wao walikuwa na mitambo ya kujibu. Wewe utahitaji mtu aliye macho, na zamu za simu zina tabia ya kumwangukia mtu yule yule kila siku.

Kwa vyovyote vile, nunua kufuli ambazo namba yake inabadilishika, na uibadilishe kila mwezi na kila mara mtu anapoondolewa kwenye orodha. Kufuli lenye namba ya kiwandani isiyobadilika halifai hapa hata likiwa imara namna gani. Vilevile mfundishe kila mtu kuvuruga tarakimu baada ya kufunga. Wengi husogeza gurudumu moja tu la namba, na anayepita anahitaji kujaribu gurudumu moja moja tu.

Baiskeli zinazolala nje zina mambo yake. Zifungwe kwenye chuma kilichozamishwa ardhini, fremu na gurudumu pamoja. Ekseli za kufungua kwa mkono zibadilishwe ziwe za nati, na bolti ya kiti vivyo hivyo, ama sivyo asubuhi moja utakuta fremu imebaki peke yake. Halafu kuna eneo lenyewe la kuegesha: njia ya waenda kwa miguu kwa kawaida si mali ya mwenye duka, na ruhusa yake haitoshi. Omba kibali cha mamlaka ya eneo kabla hujafunga chuma chochote.

Faida kubwa ni uhuru. Saa yoyote, hata duka likiwa limefungwa, na kama maduka ni zaidi ya moja mtu anaweza kuchukua hapa akaacha kule. Uhuru huo una bili yake. Baiskeli huteremka mlima na hazipandi. Kama mtaa una mwinuko, duka la bondeni litajaa na la juu litakauka. Paris ililiona hilo kwa Vélib', mpango wake wa baiskeli za kukodi uliozinduliwa 2007, ikalazimika kuwapa dakika 15 za nyongeza wanaorudisha baiskeli kwenye vituo vya juu. Mtaa wenye baiskeli chache usio na gari la kuzihamisha ungefanya vyema kusema: irudi ulipoichukua.

Ufundi ndio udhaifu mwingine. Hakuna mkono unaoipokea baiskeli inaporudi, kwa hiyo kasoro haina wa kuiona. Fundi lazima azungukie vituo kwa ratiba, asisubiri malalamiko.

*Unamfaa nani:* mtaa ambao watu wanajuana kiasi cha kuoneana haya, mahali pa kazi, nyumba za wanafunzi, au kundi la wanachama wasiobadilika. Kwenye mtaa wa wapita njia, hapana.

## 3. Kuweka nafasi mtandaoni, baiskeli inayohama

Huu ndio mtindo uliokomaa zaidi kwa mipango ya bure inayopitia madukani, na chimbuko lake ni Ujerumani. Mwaka 2013 chama cha wielebenwir cha Cologne kiliweka barabarani baiskeli ya mizigo iliyopewa jina KASIMIR. Anayeitaka anaweka nafasi kwenye tovuti, siku ikifika anaichukua kwa mwenyeji, ambaye anaweza kuwa duka, mgahawa au ofisi ya chama, na baada ya wiki kadhaa baiskeli inahamia kwa mwenyeji mwingine. Kikundi hicho kikatoa bure programu yake ya kuwekea nafasi, Commons Booking, inayopachikwa kwenye tovuti ya WordPress. Miji mingi ikaiga. Berlin ikaanza fLotte mwaka 2018, chini ya tawi la chama cha waendesha baiskeli cha ADFC.

Uzuri wake unaonekana kwa mwenye duka. Badala ya safari kadhaa kwa siku, anapokea mtu mmoja, labda wawili, na anajua mapema ni nani na saa ngapi. Anaangalia jina kwenye orodha, analilinganisha na kitambulisho, anatoa ufunguo. Na kuna jambo ambalo mitindo mingine haina: kazi yake ina mwisho. "Tukuachie kwa wiki sita" ni ombi tofauti kabisa na "tukuachie". Wenye maduka ambao wangekataa milele watakubali wiki sita, na wengine watapiga simu baadaye kuuliza zamu yao itarudi lini.

Kuhusu iko kwa nani, jibu liko kwenye kalenda na kila mwanakikundi anaweza kuliona. Tena kalenda inaonyesha jambo ambalo daftari halisemi: watu wangapi waliitaka siku ambayo haikuwepo. Hiyo ni hoja nzito unapokwenda kuomba baiskeli ya pili.

Udhaifu wake ni wa aina nyingine. Haufai kwa safari za papo kwa papo. Anayetaka kukimbilia stendi sasa hivi hataweka nafasi ya kesho kutwa. Unafaa kwa kitu ambacho mtu anakihitaji mara moja moja na hana sababu ya kukinunua, ndiyo maana umestawi kwa baiskeli za mizigo: kuhamisha meza, kubeba magunia ya udongo wa bustani, kupeleka watoto wawili na mikoba yao. Kwa baiskeli ya kawaida ya kwendea sokoni ni mzunguko mrefu kwa kitu kidogo.

Pili, unawaacha nje wasio na intaneti au wasiopenda kujisajili tovutini. Weka namba ya simu ambayo mtu anaweza kupiga, mwanakikundi amwekee nafasi. Tatu, watu huweka nafasi wasije. Sharti la kufuta nafasi mapema liandikwe, na anayerudia kutokuja asimamishwe kwa muda. Ukimwonea haya, wengine watakosa baiskeli iliyosimama bure dukani.

Kwa ufundi, baiskeli moja ya mizigo inahitaji uangalizi kuliko tatu za kawaida. Breki zake zinasimamisha uzito mkubwa na mpira wake huisha haraka. Ila kwa kuwa kalenda iko mikononi mwenu, mnafunga siku moja mnaandika "matengenezo" na hakuna wa kulalamika. Siku ya kuhamia duka jipya ndiyo siku nzuri ya kuikagua.

Cha kuanzia ni kizito: baiskeli yenyewe ni ghali kuliko za kawaida, na lazima awepo mtu anayeweza kutunza tovuti kwa miaka, si yule mwenye shauku atakayehama baada ya miezi mitatu na nywila zake.

*Unamfaa nani:* kikundi chenye baiskeli moja hadi chache, nzuri, na maduka mengi yaliyo tayari kusaidia kidogo kidogo.

## 4. Mkopo wa miezi

Mwazimaji anapewa baiskeli kwa muda mrefu, anaishi nayo, kisha anairudisha. Arcata, mji mdogo wa California, uliendesha Library Bike kwa namna hiyo: dhamana ndogo, na baiskeli unakaa nayo hadi miezi sita. Huko Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, duka moja la baiskeli lilianzisha Red Bikes miaka ya 1990 kwa kuziacha wazi kabisa, likajifunza lile lililofunzwa kila mahali, likaanza kudai dhamana na kutoa kufuli. Baiskeli ikirudi, dhamana inarudi.

Mwenye duka anaguswa mara mbili kwa msimu. Hakuna mtindo unaomsumbua kidogo kuliko huu. Lakini si kila duka linafaa: anayepokea dhamana anapaswa kuwa na utaratibu wa fedha, na anayepokea baiskeli iliyotumika nusu mwaka anapaswa kujua kuitazama. Karakana ya baiskeli ndiyo mahali pake.

Suala la dhamana linahitaji utulivu. Ikiwa ndogo kuliko thamani ya baiskeli, kuna atakayeihesabu kama bei na kutorudi. Ikiwa kubwa, umemfungia nje yule uliyemlenga. Njia ya kati ni kumruhusu mtu alete mdhamini badala ya fedha, au afanye saa kadhaa za kazi karakanani. Hiyo ya pili naipenda zaidi, kwa sababu aliyewahi kuziba pancha ya baiskeli kwa mkono wake huitunza.

Ufundi hapa unahamia kwa mwazimaji, angalau mambo madogo: kujaza upepo, kutia mafuta mnyororo. Mpe pampu, au mwambie aje karakanani. Na mfundishe mambo matatu kabla hajatoka: upepo unasomwa ubavuni mwa tairi, kiwango kimeandikwa pale; mkono wa breki ukibanwa haupaswi kugusa usukani; mnyororo unaolia unaomba mafuta, si radio ya juu zaidi.

Uhuru wa mwazimaji ni kamili, wa wengine ni sufuri. Baiskeli moja, mtu mmoja, nusu mwaka. Kama lengo lenu ni baiskeli itumike na watu watano kwa siku, mtindo huu hauwapeleki huko. Kama lengo ni kumfikisha mtu kazini kila siku asipate wasiwasi kama leo ataikuta au hataikuta, hakuna unaoukaribia.

*Unamfaa nani:* kikundi chenye rundo la baiskeli kuukuu na fundi mmoja mwenye moyo.

## Yasiyotegemea mtindo

Umiliki uandikwe. Baiskeli ni za kikundi au chama, na mwenye duka ni mwenyeji tu. Makaratasi yaseme hivyo, ili mtu akianguka, dawa isitafutwe kwenye mtaji wa duka. Uliza bima ya dhima kwa watu wengine, nyingi huuzwa kwa vyama. Fomu ya mwazimaji iseme ameikagua baiskeli kabla ya kuipanda, na wenye umri mdogo waje na saini ya mzazi. Fomu haifuti uzembe wenu: ukitoa baiskeli unayojua breki yake ni mbovu, hakuna saini itakayokuokoa.

Kofia inategemea sheria ya mahali. Melbourne, ambako kofia ni lazima, mpango wa baiskeli za kukodi ulioanza 2010 ulisumbuliwa na jambo hilo hadi kofia za bei nafuu zikawa zinauzwa madukani karibu na vituo. Sheria yenu ikidai, panga kofia mapema.

Rangi moja ya kuonekana husaidia, kwa sababu mwizi anataka baiskeli inayofanana na nyingine. Na ukipewa baiskeli ishirini za aina ishirini, chukua zile ambazo tairi, tyubu na mipira ya breki zinaingiliana, zilizobaki ziwe vipuri. Kikundi kinachoogopa kukataa zawadi huishia kuendesha jalala.

## Uanzie wapi, kwa hali yako

Una duka moja, mwenye duka ana hamu, na baiskeli ni tano au sita: anza na kaunta na daftari. Pima mwezi wa kwanza kwa kumuuliza mwenye duka, usipime kwa idadi ya safari. Akionyesha kuelemewa, wahamishie wazoefu kwenye kufuli la namba na uache kaunta kwa wageni.

Maduka ni mengi lakini kila mmoja anasema "sina muda": waombe wiki chache kila mmoja, kwa baiskeli inayohama. Kama hakuna wa kutunza tovuti, kalenda ya karatasi kwa mwenyeji wa zamu na namba moja ya simu vinatosha kuanzia.

Watu wanaolengwa wanatoka kabla maduka hayajafunguliwa: kaunta haiwafai hata kidogo. Kama wanajulikana, wape kufuli la namba. Kama hawajulikani, wape mkopo wa miezi na mdhamini.

Mtaa una wageni wengi wanaokuja na kuondoka: usiweke kufuli la namba. Kaunta, au nafasi mtandaoni kwa kitambulisho.

Mna baiskeli nyingi kuukuu na hakuna duka lililo tayari kuzipokea: nenda kwa karakana, toa mikopo ya miezi, na waazimaji wenyewe watawatambulisha kwa wenye maduka wanakonunua kila siku.

Mna fedha za kununua kitu kimoja tu: nunueni baiskeli ya mizigo, muiweke kwenye kalenda.

Na kama kikundi kimegawanyika, nusu wanataka hiki nusu kile, chagueni maduka mawili, kila duka lianze na mtindo wake, madaftari yafunguliwe siku moja. Mkubaliane mapema tu ni nani atakayepita kila Ijumaa kuhesabu baiskeli.